Kovu la Sentimita Mbili: Utumbo Mpana Ulionaswa Kifuani

Kisa hiki ni cha mgonjwa tuliyemhudumia Dar es Salaam. Jina lake, mtaa wake, tarehe na hospitali zote zilizohusika nimeziondoa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Nawaandikia hasa madaktari na matabibu wa zamu wanaompokea mgonjwa usiku, kabla sisi wa upasuaji hatujaamshwa. Katika kisa hiki, uamuzi mkubwa kuliko yote ulifanywa na daktari kijana aliyekuwa peke yake, akitumia kidole kimoja.

## Usuli

Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 30 na ushee, mbeba mizigo sokoni, mwenye mke na watoto wadogo. Hakuwa na kisukari wala presha. "Hajawahi kufanyiwa upasuaji," faili lake lilisema hivyo mara tatu, kwa miandiko mitatu tofauti. Ilikuwa kweli. Tumbo lake halikuwa na alama yoyote, na kila aliyelitazama aliridhika kwamba hakuna la zamani la kuulizia.

Maumivu yalimwanza jioni, baada ya kunyanyua gunia la viazi, upande wa kushoto chini ya mbavu. Alinunua dawa dukani. Kesho yake alikwenda zahanati, akapewa dawa za vidonda vya tumbo na za taifodi. Choo kilikuwa kimekoma tangu siku ile ya kwanza, na siku ya pili hata hewa haikutoka tena. Tumbo likaanza kujaa taratibu. Usiku wa siku ya tatu alianza kutapika, akawa pia anahema kama mtu aliyetoka kukimbia.

Mpangilio huo una maana yake. Utumbo mwembamba ukiziba, kutapika huja mapema, mara nyingi saa chache tu tangu maumivu yaanze. Utumbo mpana ukiziba, choo na hewa hukoma kwanza, tumbo huvimba, na matapishi huchelewa, pengine yasije kabisa. Kwa hiyo, hata kabla ya kipimo chochote, simulizi la mgonjwa huyu lilikuwa linasema utumbo mpana umefungwa. Lakini alipofika hospitali ya kwanza, kilichoonekana kwa haraka ni kuhema kwake, na wote wakageukia kifua.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Katika hospitali ya kwanza alipigwa picha ya eksirei ya kifua. Upande wa kushoto ulikuwa na weupe chini, juu yake hewa, na kati yake mstari ulionyooka wa maji na hewa. Koo la hewa lilikuwa limesukumwa kulia. Hapa kwetu kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku, na picha ya namna hiyo husomwa bila kusita: usaha na hewa nje ya pafu. Ukaandaliwa mpira wa kifua, wa kuutoa usaha huo.

Daktari aliyekuwa zamu alichana ngozi, akapanua misuli ya kati ya mbavu, akafungua utando wa pafu. Kabla ya kupitisha mpira, akaingiza kidole. Alitarajia usaha umwagike, au aguse pafu. Aligusa kitu laini, kinachoteleza, kilichojaa hewa, na kwa maneno yake mwenyewe, "kikajikunja chini ya kidole changu." Akatoa kidole, akafunika kidonda kwa shashi, akapiga simu kwetu. Kwenye simu alisema, "Dokta, sijui nimegusa nini, lakini si pafu."

Mgonjwa alitufikia saa 6 na nusu usiku, kwa gari la wagonjwa, akiwa na mama yake na mkewe. Mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika, presha 92/60, anavuta pumzi mara 34 kwa dakika, na oksijeni kwenye damu 88% bila kuongezewa. Midomo ilikuwa mikavu. Tumbo lilikuwa limejaa, zaidi upande wa kulia, na lilitoa sauti ya ngoma likigongwa. Njia ya haja kubwa ilikuwa tupu. Nilipoweka kipimo changu kifuani upande wa kushoto, sikusikia pumzi. Nilisikia utumbo ukinguruma.

Tulipomgeuza ubavu ndipo tukaliona kovu, nyuma kidogo ya kwapa la kushoto, kati ya mbavu ya 8 na ya 9. Lilikuwa na urefu wa sentimita 2 hivi, na alama za nyuzi tatu.

Mama alisema mwanawe aliangukia bati miaka minne iliyopita. Mgonjwa akaitikia kwa kichwa. Nilimwona alivyoangalia pembeni.

"Mama, naomba mtupishe kidogo tumalize kumpima," nilimwambia.

"Haya mwanangu, nyie tu." Akatoka na mkwewe.

Nikainama. "Kaka, mimi si polisi. Sitaki jina la mtu wala sababu. Nataka kujua kilichoingia hapa kilikuwa nini."

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kisu, dokta. Nilishonwa kule kule mtaani. Sikwenda hospitali, ningeambiwa nilete PF3, ile fomu ya polisi."

Basi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kisu kilichoingia kifuani chini ya mbavu ya 8 kinaweza kupita kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kwa sababu mtu akitoa pumzi kiwambo hupanda juu hadi kwenye usawa wa chuchu. Kidonda cha ngozi kilishonwa kikapona. Cha kiwambo kilibaki wazi, na kwa miaka minne hakuna aliyejua kuwa kipo.

## Maamuzi yetu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomkimbiza chumba cha upasuaji palepale, ingawa wengine kwenye timu walitaka hivyo. Mtu aliyepoteza maji kwa siku tatu akipewa dawa ya usingizi kabla hajajazwa, presha huanguka na moyo unaweza kusimama mezani. Tulimpa oksijeni, tukamwekea mpira wa puani unaofika hadi kwenye tumbo la chakula, mpira wa mkojo, na dripu mbili za haraka za Ringer, maji yenye chumvichumvi, pamoja na seftriaksoni na metronidazo, dawa za kuua bakteria. Potasiamu kwenye damu ilikuwa 2.9, chini ya kawaida, tukaanza kuirudisha kidogo kidogo huku tukimwangalia moyo. Kipimo chetu cha kuridhika kilikuwa mkojo: nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, angalau.

Mpira wa puani ulitusaidia kwa njia mbili. Ulipunguza tumbo, na uliporudiwa eksirei tuliiona ncha yake chini ya kiwambo, mahali pake pa kawaida. Tumbo la chakula, basi, halikuwa limepanda. Kilichokuwa kifuani kilikuwa utumbo. Picha ya tumbo ilionyesha mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini, ukiwa umetanuka sentimita 11, na hewa ilifuatana hadi kona ya kushoto chini ya bandama, kisha ikakatika ghafla. Mbele ya hapo hapakuwa na hewa.

Je, tungefanya CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande? Kwa mgonjwa aliyetulia, ndiyo, na hicho ndicho kipimo bora: huonyesha tundu lenyewe na utumbo ulivyobanwa shingoni kama gunia lililofungwa kamba. Kwa huyu niliona jibu tunalo tayari, na hakuweza kulala chali bila oksijeni kushuka. Kumpeleka huko kungemwongezea hatari, wakati hakuna uamuzi ambao ungebadilika.

Sentimita 11 ndizo zilizotuharakisha. Mlango kati ya utumbo mwembamba na mpana, kwa watu wengi, huruhusu vitu kupita mbele tu. Mbele kukiziba, utumbo mpana huwa chumba kisicho na mlango wowote: vinavyoingia vinaingia, hakuna kinachotoka. Shinikizo ni lilelile kote ndani, lakini ukuta wa sehemu iliyo pana zaidi ndio unaovutwa zaidi, na sehemu hiyo ni mwanzo wa utumbo mpana. Ndiyo maana kizuizi kinaweza kuwa kushoto juu, mpasuko ukatokea kulia chini. Kwa kawaida tunahesabu kuwa mwanzo huo umetanuka kupita kiasi ukifika sentimita 9, na ukifika 12 tunaogopa wakati wowote.

Jingine lilikuwa la mtaalamu wetu wa usingizi. Alikataa kumpulizia hewa kwa barakoa kabla ya kuingiza mpira wa kupumulia, akamlaza usingizi kwa njia ya haraka huku kichwa kikiwa kimeinuliwa. Hewa ya barakoa ingeingia tumboni na kuzidi kulijaza. Akakataa pia gesi ya nitrasi oksaidi, kwa kuwa huingia kwenye utumbo uliofungwa na kuupanua zaidi, na utumbo huu ulikuwa umelalia pafu.

Tuliingia kupitia tumbo. Ngiri ya namna hii, yaani utumbo kupenya kwenye tundu la kiwambo, ikiwa ya miaka mingi na haijabana, kuna hoja nzuri ya kupitia kifuani, maana utumbo unaweza kuwa umegandana na pafu na ukivutwa kutoka chini unachanika. Lakini utumbo ukiwa umeziba, kazi kubwa iko tumboni. Tulisafisha na kufunika upande wote wa kushoto wa kifua, tayari kukifungua kama ingebidi.

## Tulichokikuta na tulichokifanya

Mwanzo wa utumbo mpana ulikuwa umejaa kama puto, na ukuta wake wa nje ulikuwa na michaniko miwili ya juujuu. Haukuwa umepasuka. Utumbo mpana, sehemu yake ya katikati, ulikwenda moja kwa moja kwenye kiwambo cha kushoto ukatokomea ndani ya tundu la sentimita 3 lenye kingo ngumu kama za mpira wa gari. Pamoja nao ulikuwa umeingia utando wa mafuta wa tumboni.

Hapa kuna kishawishi cha kuvuta. Utumbo uliooza ukivutwa hukatika, na kinyesi chote huishia kifuani. Tuliingiza kidole pembeni ya utumbo, tukapanua tundu kuelekea mbele na nje, mbali na matawi makubwa ya neva ya kiwambo, kisha tukasukuma kutoka juu kwa kidole badala ya kuvuta kutoka chini. Utumbo ulitoka wenyewe polepole, ukifuatwa na maji machafu yenye harufu. Kona ya kushoto ya utumbo mpana, kama sentimita 15, ilikuwa nyeusi. Tuliifunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu tukasubiri. Rangi haikurudi.

Tulikata sehemu hiyo. Kupitia ncha ya juu tuliutoa uchafu na hewa hadi mwanzo wa utumbo ukanywea, tukashona michaniko miwili. Kisha ukaja mjadala mezani: tuunganishe ncha mbili au tutoe njia ya choo ubavuni? Mwenzangu alitaka kuunganisha, na hoja yake haikuwa dhaifu, maana mgonjwa ni kijana na utumbo uliobaki ulikuwa na damu nzuri. Mimi niliangalia presha iliyokuwa ikishikiliwa kwa dawa, kifua kilichochafuka, na kiungio ambacho kingekaa sentimita chache chini ya kiwambo kilichotoka kushonwa. Kikivuja, usaha ungepata njia ya kurudi kifuani. Tukatoa ncha ya juu ubavuni, ya chini tukaifunga.

Kifua tulikiosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kupitia tundu lilelile, tukaweka mpira wa kifua kwa njia mpya, tukaacha ile ya kwanza. Kiwambo tulikifunga kwa nyuzi zisizoyeyuka, moja moja, na kabla ya kukaza ya mwisho mtaalamu wa usingizi alilijaza pafu hewa. Wavu wa kuimarisha mshono hatukuuweka: kitu kigeni mahali penye uchafu hugeuka makao ya wadudu.

## Matokeo

Njia ya choo ilianza kufanya kazi siku ya tatu. Siku ya sita homa ilipanda na mpira wa kifua ukaanza kutoa usaha. Hatukumfungua tena. Tulibadilisha dawa kulingana na majibu ya maabara, mazoezi ya kupumua yakaongezwa, mpira ukakaa siku 14. Kidonda cha tumbo nacho kiliambukizwa sehemu ya chini, tukakifungua na kukiosha kila siku. Alikwenda nyumbani siku ya 21, amekonda sana, akitembea mwenyewe.

Baada ya miezi minne alirudi. Picha ilionyesha kiwambo kimekaa sawa na pafu limejaa, na dawa ya picha iliyopitishwa kwa chini haikuonyesha mahali palipobana. Tulimuunganisha utumbo, akapata choo kwa njia ya kawaida siku ya nne.

## Uchambuzi

Ugonjwa huu si mpya. Ambroise Paré, mpasuaji wa Ufaransa, aliandika mwaka 1579 juu ya kapteni wa mizinga aliyepigwa risasi, akapona, kisha akafa miezi minane baadaye kwa maumivu ya tumbo. Alipopasuliwa, utumbo mpana ulikutwa umepita kwenye tundu la kiwambo lisilozidi ncha ya kidole. Kila nikisoma habari hiyo namwona mbeba mizigo wetu. Mwaka 1974 Grimes aliugawa ugonjwa huu katika vipindi vitatu: kile cha jeraha lenyewe, kile cha ukimya ambacho kinaweza kuchukua miezi au miaka, na kile cha kuziba na kubanwa. Vifo vingi vinavyoweza kuepukika hutokana na kukosa kuutambua ugonjwa katika vipindi viwili vya mwanzo.

Tundu dogo la kisu ndilo baya zaidi. Mtu aliyegongwa na gari hupasuka kiwambo kwa upana, na huchunguzwa. Aliyechomwa kisu huwa na tundu ambalo mwanzoni halipitishi kitu. Lakini kiwambo hakipumziki, kinasogea kwa kila pumzi, na shinikizo la kifua ni dogo kuliko la tumbo, hivyo mafuta hunyonywa kwanza, yakalishika tundu lisifunge, na siku moja utumbo hufuata. Kunyanyua gunia kuliongeza shinikizo la tumbo, nalo likausukuma. Upande wa kushoto huathirika zaidi kwa sababu kulia kuna ini linaloziba.

Kilichomwokoa ni kidole. Daktari yule angetumia mpira wenye chuma cha kuchomea ndani, angetoboa utumbo, na kinyesi kingejaa kifuani usiku uleule. Nasisitiza hili kwa kuwa naona watu wakiharakisha: kidole kwanza, kila mara, hata ukiwa na uhakika kwamba ni usaha. Na akiisha kugusa asichokijua, akasimama. Kusimama katikati ya kazi uliyoianza, mgonjwa anahema mbele yako na ndugu wako mlangoni, ni jambo gumu.

Yaliyoshindikana ni kadhaa, na mengine ni yetu. Mgonjwa alisafirishwa akiwa ametapika, tumbo limejaa, bila mpira wa puani. Matapishi yangeingia kwenye pafu lile moja lililobaki likifanya kazi. Nilipopokea simu ile nilipaswa kusema, "Weka mpira wa puani kabla hajapanda gari." Sikusema. Akili yangu ilikuwa kwenye kile kidole.

La pili: kati ya kuwasili na kuingia chumba cha upasuaji zilipita saa tatu na nusu. Saa moja na nusu ilikuwa ya lazima. Zilizobaki zilikwenda kwenye kutafuta ndugu wa kuchangia damu na kukamilisha malipo. Utumbo mweusi tuliouondoa pengine ulikuwa mweusi tayari alipofika, sina njia ya kujua. Lakini ule mwanzo uliotanuka ulikuwa ukichanika wakati sisi tunasubiri.

La tatu ni ridhaa. Mkewe alikuta utumbo ubavuni mwa mumewe baada ya upasuaji, na hakuna aliyekuwa amemwambia kabla. Alilia. Tulikuwa tumetaja "huenda" katikati ya maneno mengine kumi. Mifuko ya choo ni ghali, wiki za mwanzo walitumia vitambaa, na ngozi ikababuka hadi muuguzi mmoja alipokaa naye mchana mzima kumfundisha. Somo hilo lilipaswa kuanza kabla ya kisu.

Kuhusu usaha wa kifua, nadhani tungeweka mipira miwili tangu mwanzo, mmoja juu kwa hewa na mmoja chini nyuma kwa maji. Mwenzangu anaamini ungetokea tu. Uamuzi wa kutounganisha utumbo ndio tunaokubaliana sasa sote wawili: usaha ule ungekutana na kiungio kibichi.

Wanafunzi huniuliza ni mara ngapi watakutana na kisa kama hiki. Mara chache. Zipo sababu nyingine adimu za utumbo mpana kuziba, na kila moja ina mtego wake. Utumbo mwembamba unaweza kujizungusha kwenye sigmoidi, sehemu ya utumbo mpana iliyo karibu na njia ya haja kubwa, na kufunga fundo. Hapo ukikuta umeoza usijaribu kufungua fundo, kata zima, la sivyo sumu yote inaingia kwenye damu kwa mkupuo. Kwa mtu mzima, utumbo kuingia ndani ya utumbo mara nyingi una uvimbe unaouvuta, kwa hiyo kuutoa tu hakutoshi. Kifua kikuu cha utumbo huweza kufanana na saratani kabisa, na kikiwa kimeziba nusu, dawa zinaweza kumwepusha mgonjwa na kisu. Kwa mwanamke mwenye maumivu yanayofuata hedhi, tishu za mji wa mimba zinaweza kuwa zimeota kwenye ukuta wa utumbo. Hata jiwe la nyongo huweza kutoboa njia yake na kunasa kwenye sigmoidi.

Nikirudi kwenye kisa chetu, swali la "umewahi kufanyiwa upasuaji?" liliulizwa mara tatu na halikuwa swali sahihi. Hata "umewahi kuumia?" lilijibiwa kwa uongo, mbele ya mama. Vijana wengi waliochomwa visu mijini hawaendi hospitali kwa kuogopa fomu ya polisi, au kumtaja aliyewachoma, au mama kujua. Kwa hiyo kwenye wodi yetu sasa mgonjwa yeyote mwenye tumbo lililoziba huvuliwa shati lote na kugeuzwa, kifua na mgongo vikatazamwa. Ndugu hutoka. Kisha tunauliza, kwa maneno hayahaya: "Kuna kitu chochote kimewahi kukuchoma kuanzia shingoni hadi kiunoni? Hatuandiki jina la mtu." Kovu likipatikana chini ya chuchu, picha ya kifua hupigwa hata kama anapumua vizuri.

Mgonjwa wetu alimwambia mama yake ukweli mwenyewe, siku ya 18, wodini, wakati wa kula.